Chupa Ndogo za Bienfait

Jumatatu, 6 Oktoba

Kwa masikitiko makubwa, mimi Déogratias, pamoja na ndugu, jamaa na marafiki walioko Bukavu, Bruxelles na kwingineko, natangaza kifo cha gego langu la chini, upande wa kushoto, kilichotokea jana alasiri kwenye ubatizo wa mtoto wa jirani hapa Ixelles, baada ya kugongana uso kwa uso na mfupa wa mbuzi. Marehemu alikuwa wa makamo, kama mwenye kinywa. Ameacha kipande chake ndani ya fizi, na mjane mmoja, gego la juu, ambalo sasa halina wa kutafuna naye. Kilio kinafanyika shavuni. Maua hayatakiwi.

Bon. Kazi haikusimama. Asubuhi yote nilikuwa kule Uccle, nyumba ya wazee, nikisugua meno ya bandia. Kila seti na kikombe chake, kila kikombe na jina lake. Miaka yote hii nasafisha meno ya Wabelgiji, yangu nimemwachia Mungu. Mzee wa chumba cha mwisho aliniona nimeshika shavu, akanyoosha kikombe chake aniazime. Alikuwa anatania. Nadhani.

Nyumbani mke wangu Nsimire alicheka mpaka akakaa chini. Bienfait hakucheka. Ni mtoto wa marehemu dada yangu, ana miaka thelathini na kitu, yuko kwetu tangu Pasaka, analala kwenye chumba cha cherehani. Siku hizi akisikia kichekesho anafunika mdomo kwa mkono kama bibi harusi. Zamani kwenye kwaya sauti yake ilikuwa inafika barabarani. Sasa hata amina anaitamka midomo imefungwa.

Jumatano, 8 Oktoba

Maumivu. Si ya jino, jino halipo. Ya mahali pake.

Nimempigia daktari wa meno. Nafasi ya karibu ni Alhamisi ya wiki ijayo. Katibu aliuliza kama nina homa. Nikasema sina. Mjinga ni mimi.

Jumamosi ni harusi ya binti wa Shemasi Balthazar, na mwendesha sherehe ni mimi. Balthazar ameshapiga simu kuhakikisha kwamba mdomo bado upo.

Jioni Nsimire alipika nyama. Bienfait alichukua mchuzi tu, akaloweka bugali, akameza bila kutafuna. Nikamwita mchumba wa supu. Nikamwambia kwa mwendo huu mimi na yeye tutagombania kijiko kimoja. Alitabasamu kwa macho.

Meno yake niliyaona juzi kwa bahati, mlango wa bafu ulikuwa wazi. Meusi karibu na fizi. Mengine yamebaki vipande. Ulimi una utando mweupe kama wa maziwa. Nilishtuka. Nikasema kitu juu ya Coca-Cola. Ndivyo nilivyo, nikishtuka natania.

Kila asubuhi anakunywa dawa ya maji kutoka kichupa cha kahawia. Nsimire alishamuuliza ni ya nini. "Ni sirop ya meno, maman." Basi. Tukaishia hapo.

Ijumaa, 10 Oktoba

Karafuu. Maji ya chumvi. Tangawizi. Paracetamol ya Nsimire. Vidonge vya mgongo vya jirani wa juu. Tembe za Maman Georgette, ambazo mwenyewe hajui ni za nini ila ziliwahi kumfaa goti. (Maman Georgette ni mweka hazina wa kwaya, na kwa maoni yangu ndiye redio ya Wakongo wa mtaa huu.) Hakuna kilichosaidia.

Inachekesha. Kazini siruhusiwi kumpa mzee hata tembe ya kichwa kabla muuguzi hajasoma jina, chumba na saa. Nimefundishwa, nimesaini, na nawafokea wageni wanaoingia na peremende. Nyumbani kwetu kabati la dawa ni kama sahani ya bugali, anayeumwa anamega. Ndivyo tulivyolelewa. Dawa ikimponya mmoja, tayari ina sifa ya familia nzima.

Nimejiangalia kwenye kioo. Nusu Déo, nusu papai. Harusi ni kesho.

Jumamosi, 11 Oktoba, asubuhi

Sikulala.

Bienfait ametoka. Juu ya kabati lake kulikuwa na vichupa viwili, kimoja kitupu, kimoja kimejaa. Nimekunywa nusu ya kilichojaa. Sukari tupu. Haikufanya kitu upesi, nikamalizia. Nitamnunulia kingine Jumatatu.

Suti imekubali, kifungo kimekataa.

Baadaye. Maumivu yamenyamaza! Kumbe kijana alikuwa amejifungia na dawa ya maana hivi, huku mimi nanyonya karafuu. Mwili mzito, mzito kwa utamu. Gari la harusi litakuja jioni. Nitajinyoosha kidogo kwenye kochi.

Jumatatu, 13 Oktoba, hospitali

Naandika nyuma ya karatasi ya chakula cha wagonjwa.

Sikuwa nimelala. Nilikuwa nakufa.

Nsimire amenieleza, mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza sikuamini. Mimi kwenye kochi na tai yangu, nakoroma. Yeye anapita na pasi, ananiambia nipunguze kelele. Maman Georgette amekuja kuchukua vitambaa vya meza vya harusi, amekaa, wanaongea habari za keki, na mimi nakoroma katikati yao. Bienfait akaingia kutoka dukani. Akasimama mlangoni. Akasikiliza. Mfuko wa mkate ukamdondoka.

Ule mkoromo aliujua. Amewahi kuwasikia wenzake wakikoroma hivyo, na wengine hawakuamka.

Midomo yangu ilikuwa rangi ya biringani. Alinivuta sakafuni, akapiga simu ya dharura. Halafu mkoromo ukakata na mimi nikaacha kupumua. Akaweka mdomo wake juu ya mdomo wangu, akanipulizia. Hakuacha mpaka watu wa ambulansi walipomtoa juu yangu.

Wakauliza nimekunywa nini. Nsimire akasema, sirop ya meno. Bienfait akasema: "Hapana. Ni méthadone. Ni yangu." Kwa sauti. Mbele ya Nsimire. Mbele ya Maman Georgette na vitambaa vyake mikononi.

Methadoni wanapewa watu waliokuwa kwenye heroini, wasiirudie. Yeye inamsimamisha. Mimi ambaye mwili wangu hauijui, inanizima pumzi.

Heroini. Mtoto wa dada yangu. Miaka ile yote nikijua yuko Liège anasomea umeme.

Na haikuishia hapo. Wakati wananichoma sindano ya kuniamsha, aliwaambia kwamba ana virusi vya ukimwi. Kwamba fizi zake zinatoka damu, na amenipulizia kwa mdomo, kwa hiyo wanipime. Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Angeweza kunyamaza na kubaki mpwa wangu mwenye meno mabovu.

Daktari amekaa kwenye ukingo wa kitanda akanieleza taratibu. Bienfait anameza vidonge vyake kila siku. Virusi vimelala kiasi kwamba vipimo havivioni, haviendi kwa mtu. Wamenipima ili yeye atulie. Nimebakizwa hapa kwa sababu methadoni inakaa mwilini muda mrefu kuliko ile sindano.

Natafuta mzaha wa kuweka hapa. Sina.

Bienfait alikuja jana kuniona. Hakukaa.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimerudi. Nyumba inanuka javel, yale maji ya kutakatisha nguo, mpaka macho yanawasha. Nsimire amechemsha vijiko, vikombe, hata kifuniko cha birika. Kikombe cha Bienfait amekiweka peke yake dirishani, mbali na vingine. Nikamrudishia maneno ya daktari. Hakugeuka kutoka kwenye sinki.

"Nilisikia, Déo. Mikono ndiyo bado haijayasikia."

Halafu akalia. Na mimi.

Chumba cha cherehani ni kitupu. Kitanda kimetandikwa. Funguo mezani. Aliondoka Jumapili, simu hapokei.

Kinachonitafuna zaidi ni hiki. Kile kichupa nilichomaliza kilikuwa cha Jumapili. Famasi yake humpa cha siku kwa siku, ila Jumapili imefungwa, ndiyo maana alikuwa na kimoja cha akiba. Siku nzima amekaa bila dawa, dawa yake iko tumboni mwangu, na mjini kuna watu wa kumpa ile nyingine bila hata kumuuliza jina. Yeye alinirudishia pumzi, na mimi nilimnywea kinga yake. Kwa sababu ya jino.

Balthazar amepiga simu. Harusi ilikwenda vizuri sana bila mimi, habari ambayo iliniuma kidogo hata katika hali hii. Anataka Jumapili nitoe ushuhuda, Bwana ameniinua kutoka tension.

Tension gani? Anasema ndivyo Maman Georgette alivyowaambia, kwamba damu ilipanda kwa wasiwasi wa harusi. Sikuelewa. Nimesubiri simu za pole zenye sauti ya chini, zile za kuchimba. Hazijaja.

Jumatano, 15 Oktoba

Karibu na stesheni ya Gare du Nord. Nsimire alikumbuka jina la kituo kinachomtibu, ambalo Bienfait aliwapa watu wa ambulansi. Nikasimama ng'ambo ya barabara, kofia mpaka nyusi, nikiomba nisikutane na mtu wa kanisani. Halafu nikaona aibu ya kuomba hivyo. Nikavua kofia. Baridi.

Watu waliingia na kutoka. Vijana. Mama na kigari cha mtoto. Bwana mmoja na mkoba wa ofisi, amechana nywele kuliko mimi. Nilitegemea kuona nani? Sijui. Watu wengine.

Akatokea. Shavu lake limevimba kulishinda langu. Tukatazamana, mapapai mawili kwenye lami.

"Tonton, uko muzima?"

"Nusu."

Tulikunywa chai kwenye kibanda cha stesheni. Yeye aliinywea pembeni mwa mdomo. Jumapili alitetemeka, akatapika, akatoka, akafika hadi kwenye ngazi za nyumba ya jamaa anayeuza, akageuka. "Nilifika paka kwa escalier, tonton. Nikarudia." Jumatatu alikuwa wa kwanza famasi ilipofunguliwa. Hakuchukua kitu kingine. Namwamini.

Nikamuuliza, na meno haya, kwa nini hukwenda kwa daktari? Alikwenda. Zamani, huko Liège. Aliambiwa aseme ugonjwa wake na dawa zake, akasema. Wakamweka wa mwisho siku hiyo, watu wote wameondoka. Kiti wamekifunika plastiki, taa na vishikio vyote vimefunikwa, kama wanapaka rangi nyumba. Daktari glavu mbili mbili. Akachungulia, akasema atapigiwa simu. Hakupigiwa. Tangu hapo ni paracetamol na kufunika mdomo kwa mkono. Aliyasimulia yote bila kukasirika, kama mtu anayeeleza njia ya basi.

Nikamwambia arudi nyumbani. Nikamwambia ile javel ni hofu tu ya maman, itapita. Akatikisa kichwa.

"Haiko maman, tonton."

Si maman. Sikuuliza ni nani.

Nafasi yangu ya kesho kwa daktari wa meno nikampa. Akakataa. Nikasema basi tutaingia wote, mmoja atakaa juu ya mapaja ya mwenzake. Akasema atafikiri.

Alhamisi, 16 Oktoba

Alikuja. Amevaa shati jeupe, lile la kwaya.

Daktari ni binti wa Kiflemish, mdogo kuliko suti yangu ya harusi. Bienfait alisimama mlangoni, hakukaa, akayamwaga yote mara moja: virusi, vidonge, methadoni, zamani heroini. Alisema kama anayetupa mzigo dirishani. Mimi nilikuwa natazama mikono ya yule binti. Kama ingeenda kwenye plastiki, nilikuwa nimeshashika koti.

Akachukua glavu. Jozi moja. Akasema, vizuri umeniambia, sasa najua ganzi ipi na dawa gani ya maumivu nisikupe. Kaa.

Hiyo tu. Kaa.

Nimemwona mpwa wangu akifungua kinywa mbele ya mtu. Sikuwa tayari. Binti hakukunja uso. Alihesabu, akagusa, akauliza panauma. Akaeleza kwamba zile dawa zinakausha mate, na mate ndiyo mlinzi wa meno. Sirop yenyewe ina sukari, asukutue kwa maji kila akiinywa, na aulize kama ipo isiyo na sukari. Ule utando mweupe una dawa yake, si laana. Usaha umejikusanya chini ya jino, na huo ungeweza kushuka shingoni ukamziba pumzi. Amechanja kidogo, usaha umetoka, na amempa antibiotiki. Wiki ijayo atang'oa manne. Mengine yataokolewa.

Mimi alinitazama mwisho, dakika chache. Mizizi itoke, Alhamisi hiyohiyo. Nilipomweleza nilichokunywa kwa maumivu, ndipo akakunja uso. Kwangu.

Bienfait amerudi kulala kwa rafiki yake. Sikumlazimisha.

Jumapili, 19 Oktoba

Ushuhuda.

Nililala na hotuba mbili kichwani. Moja ya uongo, tension na utukufu. Moja ya kweli, ambayo si mali yangu. Mimi nina mdomo unaotangulia, kila mtu anajua, ndiyo maana wananipa harusi. Nilijiogopa.

Kabla sijaitwa, Maman Georgette alipita na daftari la kwaya, akainama kana kwamba ananirekebishia kola.

"Papa Déo, miye sikuona kitu. Nilikuya kukamata bitambala."

Akaenda zake kukaa. Na mimi nilimwita redio. Nilitaka sakafu inimeze.

Nikapanda. Nikasema: ndugu, haikuwa tension. Nilikunywa dawa ambayo si yangu, bila kuuliza ni ya nini, kwa sababu ya jino. Mimi, ninayelipwa kuwakataza wazee wasifanye hivyo. Aliyeniona ndiye aliyeniokoa, na Mungu anamjua kwa jina. Nendeni nyumbani mkatenganishe makabati yenu. Walicheka sana. Balthazar hakucheka, alitaka tension.

Akina mama watatu walinifuata mlangoni kunieleza tembe walizoazimana wiki hii tu.

Ijumaa, 24 Oktoba

Bienfait bado amelala. Chumba cha cherehani, mlango wazi. Nsimire amekoroga uji mwepesi, ameuacha upoe. Mvua ndogo. Sijaenda kazini.

Sasa niandike lililotokea kweli. Nimelizunguka tangu hospitali, na humu daftarini nilimwachia Nsimire na javel yake wabebe lawama.

Jumapili ile, kitandani, nilikuwa macho. Nsimire ameshanieleza. Daktari ameshanieleza, nimeitikia, ndiyo daktari, nimeelewa daktari. Bienfait akaingia. Alikuwa amekuja na machungwa. Alikuwa anatetemeka, nikadhani ni wasiwasi, kumbe ni dawa aliyokosa. Akasema, tonton, pole. Yeye ndiye alisema pole.

Na mimi nikashika pembe ya shuka nikajipangusa mdomo.

Si mara moja. Nilisugua. Kama ninavyosugua meno ya wazee. Mkono ulijiendea wenyewe, naweza kusema hivyo, na ni kweli, lakini ulikuwa wangu. Kwenye midomo hiyohiyo aliyoipulizia. Aliona. Aliweka machungwa juu ya meza, akayapanga yasidondoke, akatoka. Saa ileile alikwenda nyumbani akatandika kitanda. Halafu akaenda hadi kwenye ile ngazi. Hakufukuzwa na javel. Javel hata hakuikuta, Nsimire aliifungua jioni yake.

Jana tulitoka kwa daktari wote wawili, pamba mdomoni, tukapanda basi la kwenda Ixelles. Yeye manne, mimi mizizi yangu. Ganzi imeshika nusu ya uso. Nikamwambia. Sikuwa nimepanga. Maneno yalitoka yamepinda, kama ya mlevi, na bibi wa kiti cha mbele akageuka. Nikasema, nilijipangusa, uliona, na si maman, ni mimi. Nikasema nisamehe.

Alitazama dirishani vituo kadhaa. Nilijua akishuka kabla ya kituo chetu, ndio mwisho.

Hakushuka. Aliingiza mkono mfukoni, akatoa karatasi laini ambayo daktari alimpa, akaikunja mara mbili. Mimi nilikuwa sijui, ganzi, mate yalikuwa yananichuruzika mpaka kwenye kola. Akaninyooshea.

"Tonton," akasema, pamba mdomoni, na mkono wake mwingine umelala pajani, haukupanda kufunika kitu. "Sasa ndio ujipanguse."

Nikajipangusa.